Kitabu cha Bibi Kinajifunga Chenyewe

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, uliza mtaani kwetu, daftari likichanika linaletwa kwangu. Shule na mimi tuliachana mapema bila ugomvi, lakini kwa kujalidi vitabu mkono wangu hauna mpinzani, na fundi anayenifundisha kazi anajua, ila kusema ndiyo hataki.

Sasa shangazi, bibi yangu alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalala, akawa anakaa dirishani kimya kutwa nzima mpaka dada alipomletea rangi za maji, basi bibi akachangamka, anachora ndege, anachora masufuria, hata mimi kanichora na masikio makubwa, eti ndivyo yalivyo. Akaniambia, "Mume wangu, nitengenezee kitabu kidogo cha kubeba mkobani." Nikamwambia umefika kwa mwenyewe. Nikakata karatasi nzito zinazokunywa maji, nikazishona, mgongo nikaupaka gundi mara tatu, kama tunavyofanya vitabu vya stakabadhi, fundi akasema hiyo gundi itakusumbua, nikamwona ana wivu. Kimetoka imara, shangazi, ukikirusha ukutani hakiachii. Tatizo hakikai wazi, ukikifungua kinajifunga, na bibi ana mkono mmoja, huohuo unashika brashi. Akawa anakikandamiza kwa kiwiko, anachora kurasa za kulia tu, nami nikamtania kwamba anabania karatasi. Juzi nimekikuta chini ya mto. Akasema, "Nimechoka tu, mume wangu, kitabu chenyewe kizuri mno." Na kila mgeni anamwonyesha jalada. Nikimwambia nimekosea nitamvunja moyo, na mtaa mzima nimeshautangazia. Nikinyamaza, ndiyo hivyo, amerudi dirishani. Nifanyeje?

Mkono wa Dhahabu

*

Mkono wa Dhahabu, marahaba.

Nimecheka hapo kwenye masikio, halafu nikaacha kucheka. Bibi yako anajua kila kitu. Mtu anayebana kitabu kwa kiwiko hahitaji kuambiwa kwamba kinajifunga. Anakusitiri wewe usiaibike, na ili akusitiri ameacha kuchora. Pima mwenyewe kama sifa zako za mtaani zinastahili hivyo.

Usijichape sana. Ulitaka kitabu kidumu, na hilo si baya. Lakini fundi wako hakuwa na wivu, kijana, alikuwa na macho.

Leo hii kaa karibu naye umwambie, "Bibi, kitabu nilikikosea, kinakutesa." Usiongeze maelezo. Hicho usikibomoe, maana ukilowesha gundi, na ndege wake watayeyuka. Mpe vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande, vimshikie kurasa kwa sasa.

Kisha shona kingine. Kunja karatasi mbilimbili, unganisha mafungu hayo kwa uzi peke yake, na mgongo uuache bila tone la gundi, ili kitabu kilale chali kama mtu aliyeshiba. Ushonaji huo huujui, nimeona kwenye barua yako, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe, na uombe kwa adabu. Kabla hujaweka jalada, kifungue katikati mbele ya bibi. Akisema bado, fumua. Akisema kimekaa, mpe brashi yake uondoke, usisimame hapo kungoja sifa.