Picha za Mkia wa Filimu

Ukurasa huu niliuandika kwa kalamu, Butembo, mwaka 2003, vita vilipokuwa vimeanza kulegea. Leo nimeuchapa hapa jinsi ulivyo, pamoja na upuuzi wake.

*Butembo, Jumamosi jioni, mwezi wa saba*

Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya Beni bado limo katika nyusi zangu. Nimeoga mara mbili, halitoki. Shauri yake. Leo nina furaha hata na vumbi.

Kavira amerudi.

Naandika leo leo, kabla sijasahau chochote, kwa sababu sina picha. Mimi, ambaye katika mtaa wetu hakuna anayemwoza binti yake bila kuniita na kamera yangu, sina picha hata moja ya siku hii. Nitafika huko. Kwanza niache nicheke kidogo.

Kavira ni mke wangu. Alikwenda Kinshasa kufanya mtihani wa uuguzi, Masika wetu akiwa ameshaachishwa ziwa na ndiyo kwanza anatembea kwa kushika kuta. Ilikuwa safari ya wiki chache tu. Kabla hajafungasha kurudi, vita vikaikata nchi vipande: yeye kule, sisi huku, na katikati watu wenye bunduki. Ndege zikakoma. Aliyetaka kutoka Kinshasa kufika hapa alilazimika kuzunguka Nairobi na Kampala, na njia hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara wakubwa, si ya muuguzi wala ya mpiga picha.

Basi nikabaki na mtoto. Mama yangu mzazi akateremka kutoka Masereka na magunia ya viazi, akisema amekuja kunisaidia kwa muda mfupi. Masika anamwita Mukaka, yaani bibi, kama tunavyosema Wanande. Huo muda mfupi wa Mukaka haujaisha mpaka leo, na sithubutu kumuuliza.

Sasa, habari ya picha. Filimu ni ya mteja. Yeye ndiye anayeilipia. Lakini kila filimu ina mkia. Ukiipachika kwenye kamera kwa uangalifu, ukiingiza ncha ndogo tu ili usipoteze mwanzo wake, mwishoni inabaki nafasi ya picha moja, pengine mbili, zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kopo. Wapiga picha wote wa Butembo wanaujua mkia huo. Wengine wanauuza. Mimi nilimwekea Masika. Nikitoka harusini au kwenye ubatizo nilikuwa nakimbia nyumbani na kamera kifuani, na popote nilipomkuta, katika hali yoyote niliyomkuta, nilibonyeza.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Mukaka ulipoanzia. Kwake yeye, picha ni kupakwa mafuta miguuni, kuvalishwa soksi nyeupe, kusimama wima kando ya maua ya plastiki na kutocheka. Mara ya kwanza aliponiona nikimpiga picha mtoto aliyekaa ndani ya beseni na ndevu za povu la sabuni, alinirushia taulo.

"Mutoto wa batu, unamupiga picha uchi na povu?" akasema. "Mama yake atasema tuko tunamulisha nini huku? Atasema hata viatu hana!"

Nilimjibu kwamba mama yake anajua watu huoga bila viatu.

Nikaendelea. Masika amelala mezani, shavu lake kando ya sahani ya sombe, yaani kisamvu. Masika amekaa juu ya kabichi kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, akimwamuru mwenye chukudu apige kona. Masika anamfunga soksi kuku wetu kilema, ambaye alimpa jina la Kapita kwa sababu anawasimamia kuku wengine kama msimamizi wa vibarua. Masika na kikombe chake cha kijani kisicho na mkono, ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Na Masika chini ya kitanda.

Hiyo ya kitanda sina budi kuieleza. Usiku huo risasi zililia karibu na soko, tukalala sakafuni wote watatu. Asubuhi kulipotulia, mimi na Mukaka tukatoka, mtoto akakataa. Akasema kule ni nyumba yake, sisi ni wageni, tubishe hodi. Mukaka akapiga magoti, akabisha hodi kwenye mbao za kitanda, akakaribishwa chai ya maji matupu. Nikabonyeza nikiwa nimelala kifudifudi. Wanajeshi sikuwapiga picha hata siku moja. Kamera ingevunjwa na mimi pia. Lakini nadhani hata kama wangeniruhusu, nisingewapa mkia wangu.

Filimu zilisafishwa Kampala. Alizibeba Mzee Ramazani, dereva wa lori wa Beni, mtu wa swala tano na mizaha kumi, anayepita Kasindi kila wiki na anayejulikana na kila mtu mpakani. Yeye ndiye aliyeniletea picha, na yeye huyo huyo aliyetafuta mfanyabiashara wa kuzipeleka Kinshasa zile za Masika. Nyuma ya kila moja niliandika maneno machache. "Anaoga." "Huyu ni Kapita, mguu wake ulikanyagwa na mbuzi." "Kikombe chake, hakuna mwingine anayekigusa." "Amesema sisi ni wageni, tubishe hodi." Sikujua kama zote zilifika. Mara moja moja lilikuja neno fupi kutoka kwa Kavira kwamba amepata bahasha, kisha kimya miezi mingi.

Nikiri hapa ambapo hakuna wa kunicheka: habari ya kwamba ndege zimeanza tena na Kavira amepata nafasi ilinifurahisha siku moja tu. Siku ya pili nilianza kuogopa. Masika anamjua mama yake kwa picha moja, ile ya harusi yetu iliyo ukutani, na katika picha hiyo Kavira amesimama kama askari wa gwaride, kwa sababu Mukaka ndiye aliyempanga. Wiki hii nilimsikia Masika akimweleza mtoto wa jirani, "Mama yangu ni ule wa ukutani. Hanaka miguu." Ni kweli, picha inaishia kiunoni. Nikawaza, mtoto ana miaka sita, je, akimkataa? Je, akimwamkia kama anavyowaamkia wageni wa mchungaji, kisha akaja kunishika suruali mimi? Kavira angevumilia mbele za watu, ila moyoni ingemuua. Siku hizi zote nimekula bila kujua ninakula nini.

Leo alfajiri Mzee Ramazani alitupakia sote katika kibanda cha lori lake. Nilikuwa nimemwagiza aniletee filimu mpya, yetu wenyewe, isiyo ya mteja yeyote. Nikaipachika kwenye kamera garini, lori likiruka kwenye mashimo, Masika akiuliza kama ndege ina mkia kama mbuzi. Kwenye kizuizi vijana wenye bunduki walitusimamisha. Mzee Ramazani akawaambia amebeba bibi harusi mzee, akamwonyesha Mukaka kwa kidole. Mukaka akamtukana kwa Kinande, vijana wakacheka, kamba ikashushwa.

Ndege ikatua Beni mchana. Nikajipanga jua likiwa mgongoni, kama nilivyofundishwa. Kavira akatokea mlangoni. Amekonda, amekata nywele, ana miguu. Nikabonyeza. Akashuka ngazi, nikabonyeza. Mukaka akapiga vigelegele mpaka afisa mmoja akaziba masikio, nikabonyeza. Kisha Kavira akasimama mbele yetu na Masika akajificha nyuma ya kitenge cha Mukaka, likabaki jicho moja tu nje.

Nikashusha kamera.

Mukaka akamsukuma. "Enda, salimia mama yako."

Masika akatoa mkono, ameunyoosha kabisa, uso pembeni. "Bonjour, mama," akasema, kwa sauti ile ile ya wageni wa mchungaji.

Nilitaka ardhi inimeze. Kavira hakumvuta, hakumbeba, hakulia. Alichuchumaa pale kwenye vumbi na gauni lake la safari, akaushika ule mkono mdogo kama mtu anayesalimiana na mkubwa mwenzake.

"Bonjour," akasema. "Kapita iko aje? Muguu yake yenye mbuzi ilikanyaga ilipona?"

Jicho la pili likatoka.

"Ilipona kidogo," Masika akasema. Kisha, kwa mashaka, "Unamujulia wapi Kapita?"

"Minamujua. Na ile kikombe ya kijani, kuko mutu anaigusaka?"

"Hapana! Ya mimi tu."

"Njo vile nilijua. Donc, leo nikifika, nitakunywa mu kikombe gani?"

Masika akafikiri. Niliona anafikiri, anakunja paji la uso kama mama yangu anapopima viazi. Halafu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa mtihani wenyewe, "Na chini ya kitanda unakujuaka?"

"Kule ni kwako," Kavira akasema. "Mimi ni mugeni. Nitapiga hodi kwanza."

Basi ikawa imekwisha. Masika aliuachia mkono, akamkumbatia shingoni, akaanza kumweleza mambo ya Kapita ambayo hata mimi sikuyajua, na hakunyamaza kuanzia Beni mpaka Butembo. Mzee Ramazani aliendesha akifuta macho, akisema ni vumbi. Tulipokaribia nyumbani Mukaka akanigusa goti, akasema ile picha ya povu haikuwa mbaya sana.

Ugomvi wetu nikaushinda pale pale ndani ya lori. Ningependa iandikwe.

Sasa aibu yangu. Tulipofika nikakaa kuirudisha filimu ndani ya kopo lake. Nikazungusha kifundo cha kuirudishia, kikaenda chepesi, bila uzito wowote, kama unakoroga hewa. Nikajua kabla sijafungua. Nikafungua mgongo wa kamera, na filimu ilikuwa imekaa mwanzoni kabisa, imetoa ulimi nje, haijasogea hata kidogo. Ncha ilichomoka. Niliiingiza ndogo mno, kwa mazoea yangu ya kuukamia mkia, na leo filimu nzima ilikuwa yetu! Kavira mlangoni, Kavira ngazini, vigelegele vya Mukaka, vyote nimevipiga juu ya hewa.

Nilikwenda kumwambia Kavira huku nimeinamisha kichwa. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa bahasha zote, zilizochakaa kwa kushikwa, akazipanga mezani. Zilifika. Hata ya povu ilifika.

"Angalia muzuri, Baba Masika," akasema, akiweka kidole chini ya picha moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

Sikuwahi kuona. Mpiga picha mzima, sikuwahi kuona. Kwa sababu ya jua la mgongoni na haraka zangu, karibu kila picha iliyopigwa nje ina kivuli changu, kimelala miguuni kwa mtoto: kichwa, mabega, viwiko viwili vilivyoinuliwa. Kwa picha ya mteja ningeona haya. Kavira anasema alikuwa akikitazama kile kivuli kila anapolala. Kimoja akaona nimekonda, akaninunia. Kingine akaona nina kofia mpya, akataka kujua nani amenipa.

"Mutoto nilimuona," akasema. "Weye njo sikukuona. Miaka yote hakuna hata picha moja yenye sura yako."

Nimelia kidogo, nakiri, na hapa hapakuwa na vumbi.

Masika amelala sasa, chini ya kitanda, kwa hiari yake, na miguu ya mama yake inachungulia kandoni, kwa maana alibisha hodi na kukaribishwa. Kikombe cha kijani kiko kule ndani pamoja nao. Mukaka anakoroma. Kapita yupo nje na soksi yake.

Filimu ni nzima, haijaguswa na mwanga. Nimeipachika upya, mara hii nimeingiza ulimi wake mrefu bila choyo, nikazungusha na kukitazama kifundo mpaka kilipozunguka chenyewe, ishara kwamba filimu inavutwa.

Kesho baada ya kanisa nitampa Masika kamera. Nitamwonyesha pa kubonyeza, kisha nitakwenda kusimama upande ule mwingine, karibu na mama yake, jua likinipiga usoni. Najua atatukata vichwa. Mikono yake ni mifupi na hana subira. Basi atukate, mradi miguu yetu ionekane imesimama mahali pamoja, na kivuli kilichoko mbele yetu kiwe chake.