Zuhura Alivyolikataa Gari Jekundu

Jumamosi, Lusahunga

Mimi nilishalipenda lile jekundu. Linang'aa, na muuzaji wa Biharamulo aliapa halijawashwa tangu jana.

Binti yangu Zuhura, mwenye leseni ya mwezi mmoja, akagusa boneti. "Shikamoo mzee. Mbona injini ina moto?"

Mzee akacheka tu. Zuhura akasema tutangoja ipoe. Niliona aibu, nikamvuta mkono, akagoma. Lilipowashwa likiwa baridi, likatoa moshi wa bluu. "Linakula oili, mama," akaninong'oneza.

Tukachukua la mwalimu mmoja, limepauka rangi lakini injini imetulia. Zuhura akaendesha mwenyewe hadi nyumbani. Malori yalipotupita nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa upande wake wa barabara, mwendo uleule.

Sijamwambia bado, ila najivunia mno.