Mkamwana Asiyecheka

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua imeanza alfajiri, ikapumzika asubuhi, ikarudi na hasira zake zote. Huku Kyela tumeizoea. Naandika kwa kidole kimoja nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, maana upande wa kulia wa uso wangu leo umevimba na haugusiki.

Nimeng'olewa meno matatu.

Blogu hii haina jina langu wala picha yangu, na nyinyi mnaoisoma sijui mko wapi. Ndiyo maana huku nasema. Hapa nyumbani, Mwaya, sisemi. Mimi ndiye mkamwana anayesifiwa kwa kutosema.

Kwa wasiotujua: sisi Wanyakyusa tulikuwa na kitu kinaitwa kutila. Mwanamke akishaolewa anamwogopa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina, haongei naye, na akimsikia anakuja anampisha njia. Baba mkwe naye ana wajibu wake. Kabla hajakata kona ya jikoni anakohoa, ili mkamwana apate nafasi ya kujitoa. Siku hizi mambo hayo yamelegea. Mke wa shemeji yangu anampa mzee mkono na kumwamkia huku anatafuna muwa, na hakuna anayeshtuka.

Mimi nilipoletwa hapa baada ya ndoa, nilijifunika khanga mpaka puani, nikatazama chini, nikakaa kimya. Mzee alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba Lusajo, mume wangu, amemletea mkamwana wa enzi za mama yake. Tangu hapo akija upande wa jikoni anakohoa kikohozi kirefu, cha heshima, mpaka kuku wanahama. Mimi naingia nyuma ya mlango. Anapita. Sote wawili tunajisikia watu wazuri.

Wala si adabu. Ni meno.

Kabla ya Lusajo nilikuwa nauza vitenge Kasumulu, pale mpakani na Malawi. Mpakani unapata sukari, sabuni, dizeli, na ukijua wa kumuuliza unapata unga. Nilimjua wa kumuuliza. Sitaeleza yote, nimeshayaeleza kwenye vikao vya walioacha unga, Mbeya, mpaka yamechakaa. Nataka kueleza meno tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia habari ya meno.

Unga unakausha mdomo. Ulimi unakuwa mkavu na mzito, halafu unataka kitu kitamu, na kitamu chenyewe ni soda, biskuti, pipi za dukani. Chakula cha kweli hukitaki. Kuna vipindi niliishi kwa soda na sigara, na usiku nilisaga meno mpaka mwenzangu wa chumba akanirushia kiatu. Mswaki nilikuwa nao, wa bluu. Nilikuwa nausugulia viatu, kwa sababu mteja anatazama viatu vya muuzaji, mdomoni hakai sana.

Jambo la ajabu ni kwamba hayakuuma. Meno yalikuwa yanatoboka, yanavunjika vipande nikila mkate, nami sikusikia kitu. Unga unaua maumivu yote, hata yale ambayo Mungu ameyaweka ili ujue unaungua. Siku nilipoacha ndipo yalipokuja, yote pamoja, kama wadai waliosikia umepata mshahara. Arosto, ile homa ya kuacha, ilipita. Meno hayakupita. Nilikuwa nakwenda kunywa methadoni yangu, dawa ya kuachia unga, Mbeya huku nimeshika shavu, na wenzangu wengi pale kwenye foleni walikuwa wameshika yao. Hatukuwa tunacheka pale. Tulikuwa tunachekea puani.

Lusajo alinikuta kipindi hicho. Anajua kila kitu, na aliniomba mwenyewe nisiwaambie wazazi wake mpaka wanizoee. Lakini Lusajo ni dereva wa lori. Mtu pekee anayenijua analala Tunduma, akirudi anakaa kidogo, anaondoka tena.

Basi nimebaki na watu wanaonipenda sana, ila anayependwa si mimi. Ni yule wa kwenye khanga. Mama mkwe anasema mimi sipendi mahindi ya kuchoma. Nayapenda jamani! Wakati wa msimu nakaa mbali na moto nisije nikanusa nikalia. Wali wetu wa Kyela, ambao watu wanausafirisha nchi nzima, nauponda kwa ulimi kama mtoto. Ninachokula kwa amani ni mbalaga, zile ndizi za kupikwa zikalainika, na mama mkwe anadhani ni kwa sababu naipenda mila. Jioni wanawake wakikaa kupasua maganda ya kakao wanasimulia vichekesho, kila mtu anacheka mpaka anashika mbavu, nami natikisa mabega chini ya khanga. Wanasema huyu ana haya. Narudi chumbani, najitazama kwenye kioo, nacheka peke yangu ili nione inavyokuwa. Haipendezi.

Siku hizi napiga mswaki kuliko mtu yeyote Mwaya. Asubuhi, baada ya kula, kabla ya kulala. Nasugua yaliyobaki na nafasi za yaliyoondoka.

Jumapili shavu lilianza kuvimba. Jana halikufichika tena hata kwa khanga. Leo mama mkwe yuko msibani Ipinda, Lusajo yuko njiani, na mke wa shemeji amekwenda kwao. Nikasikia kile kikohozi nje ya jikoni, halafu sauti ya mzee ikimwambia kuku, au mti, au yeyote isipokuwa mimi, kwamba mtu akivimba namna ile anapelekwa hospitali, na kwamba yeye atatangulia.

Alikodi bodaboda mbili. Mmoja asingeweza kutubeba sisi wawili, Mungu apishe mbali, mkamwana na baba mkwe kwenye kiti kimoja! Yeye mbele na kofia yake na mwavuli uliofungwa, mimi nyuma, matope yakiturukia sote kwa haki. Kila tulipofika kwenye dimbwi alimsimamisha dereva wake na kutazama pembeni mpaka amsikie wangu amevuka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, lakini shavu halikuruhusu hata kimoja.

Daktari wa meno ni dada mfupi mwenye mikono ya haraka. Mzee alibaki kwenye benchi nje. Dada akafunga mlango, akaniambia nifunue, akatazama kwa kile kioo chake kidogo. Halafu akaniuliza polepole, "Ulikuwa unatumia nini, dada? Mimi si polisi."

Nikamwambia. Neno lilitoka lenyewe, kama kitu kilichokuwa kimekaa mlangoni na viatu tayari. Hakushangaa. Akasema mate ndiyo yanayolinda meno, na mimi mate yangu yalikauka miaka, basi meno yalibaki bila mlinzi. Matatu lazima yatoke leo kwa sababu ya usaha. Mengine anaweza kuyaziba. Ya mbele, baadaye, anaweza kunitengenezea ya bandia. Akachoma ganzi, akasubiri, akavuta. Akaniandikia dawa ya kukausha usaha na vidonge vya kawaida vya maumivu. Kisha akanishika mkono: "Yeyote akikupa za maumivu makali, zile za kundi la unga, kataa. Hata kama usiku utaumwa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilitoka nimejisikia mwepesi. Kuna mtu mmoja mjini Kyela alikuwa ameona mdomo wangu wote na hakugeuka.

Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara. Mvua ilikuwa imerudi, tukasimama barazani, mzee upande ule, mimi upande huu, dereva wangu katikati anafuta kiti cha pikipiki. Damu ilikuwa imepita kwenye pamba ikalowesha khanga. Mzee aliiona. Akaingia dukani na karatasi ya daktari, na nikamsikia anamwambia muuzaji kwamba hizo za kawaida hazitoshi, mtoto anateseka, ampe kali kuliko zote alizonazo.

Muuzaji alikuwa nazo. Hakuuliza.

Mzee akatoka na mfuko. Hawezi kunipa mkononi, kwa hiyo akampa dereva, na dereva akanipa mimi. Nikachungulia ndani. Nazijua. Ni zile tulizokuwa tunameza Kasumulu tukikosa unga, ili siku iishe.

Ningeweza kunyamaza, nikazitupe huko mbele. Ndivyo mtu yeyote angefikiri. Ila mimi najijua. Ganzi ingeisha jioni, mume hayupo, mvua inapiga bati, tundu la jino linapwita, na vidonge viko kwenye mfuko chini ya mto. Nisingevitupa. Naandika hivyo bila kujionea aibu, maana ndiyo hali halisi. Ningemeza kimoja kwa ajili ya jino na cha pili kwa ajili yangu.

Nikamnyooshea dereva mfuko huku natikisa kichwa, lakini hakuupokea. Akacheka. "Chukua mama, mzee amekuhurumia huyo." Ningeweza kumtuma yeye amwambie mzee kwa nini sichukui, lakini huyu dereva habari ikiingia sikioni asubuhi, jioni imefika Malawi. Basi kilichobaki ni kimoja, na hicho mkamwana hafanyi.

Nikampita dereva. Nikaenda kusimama mbele ya baba mkwe wangu. Akarudi nyuma hatua moja, akakohoa, maskini, akidhani nimejisahau. Nikashusha khanga.

"Baba," nikasema, "naomba uzirudishe."

Ndilo neno langu la kwanza kwake tangu nimeolewa, na lilitoka limepondeka, midomo imekufa ganzi, kama sauti ya mlevi. Mvua nayo ilikuwa inalia juu ya bati. Hakusikia. Akaniuliza, akitazama nguzo, nasemaje. Kwa hiyo nikapiga kelele. Nilimpigia kelele baba mkwe wangu barazani mwa watu, damu inanitoka mdomoni: "Nilikuwa natumia unga, baba! Nikimeza hizi narudi kulekule!"

Mzee akatazama mdomo wangu. Ndiyo mara ya kwanza. Aliangalia yaliyopo, akaangalia yasiyopo. Halafu akatazama chini kwenye matope, kama yeye ndiye mkamwana. Akachukua ule mfuko mkononi mwangu, mkononi mwangu kabisa, vidole vikagusana, akaingia dukani. Alipotoka alikuwa na zile za kawaida tu.

Tukapanda bodaboda zetu. Safari hii hakusimama kwenye madimbwi.

Tulipofika, jirani alikuwa amejikinga mvua kwenye kibaraza chetu, akamuuliza mkamwana anaendeleaje. Hilo swali mzee hulisubiri. Likija, anaeleza adabu yangu mpaka mtu anaomba ruhusa ya kwenda. Leo alijibu, "Yupo." Akaingia ndani.

Nimekaa chumbani tangu hapo. Nimepoteza meno matatu na sifa moja, na nilikuwa sijui kama sifa nayo inaacha tundu. Nimeumia. Nilidhani ningejisikia huru kama kwa yule dada daktari, lakini yule simjui, hanikoholei asubuhi, hanichumii ndizi mbivu za kwanza na kuziacha mlangoni bila kusema. Yalikuwa mapenzi yaliyokosea mtu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Nimempigia Lusajo, simu yake haipatikani. Atakuwa kwenye milima.

Muda si mrefu uliopita, kabla giza halijaingia, nilitoka nyuma ya jikoni kutupa pamba. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Sikuchukua khanga, sikumtarajia mtu. Nikasikia hatua za viatu vyake vya mpira zinakuja kwenye kona.

Nilisubiri kikohozi. Nilikisubiri kwa moyo wangu wote, nilikuwa tayari kukimbilia nyuma ya mlango, nijue kwamba bado mimi ni mtu wa kukoholewa.

Hakukohoa.

Alikata kona, akanikuta nimesimama, uso wazi, pamba yenye damu mkononi. Nikajua basi, heshima imekwisha, sasa ananijia kama anavyomwendea mtu yeyote. Alisimama karibu na pipa la maji. Alihangaika na kofia yake. Halafu akanitazama usoni, si mdomoni, na akaniita kwa neno ambalo kwetu baba mkwe hamwiti mkamwana wake.

"Mwanangu," akasema. "Bado linauma?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda kufunika mdomo, kwa mazoea. Nikaushusha.

"Linauma, baba," nikamjibu. "Linauma sana."