Mguu wa Baba

Jumanne

Nimechoka hadi kuvua viatu nimeshindwa. Leo wamemkata baba mguu wa kushoto, na saini kwenye fomu ni yangu.

Kaka Juma yuko Mitundu na mke wake. Nilimpigia asubuhi kumwambia kidonda cha kisukari kimeshafika juu, na daktari anasema tukichelewa tutampoteza mzee. "Ukiona inafaa, saini tu," akasema. Ukiona. Yaani mimi.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni maneno ya pale wodini. Nesi alimwambia baba, "Mzee, tutakusaidia huo mguu." Daktari akasema, "Tutautoa." Baba akaitikia kwa heshima. Walipoondoka akaniuliza kwa Kinyaturu, wakishautoa na kuusafisha, watamrudishia lini.

Wote walikuwa wamelikwepa lile neno, na mimi pia tangu juzi.

Nikakaa kitandani kwake. "Baba, wataukata. Haurudi tena."

Alifunua shuka, akauangalia mguu wake, akaupapasa gotini kama anavyowapapasa ng'ombe wake.

"Mbona hawakusema hivyo?" akauliza.

Nikamfunika tena shuka.

"Basi saini, mwanangu. Nimesikia."

Nikasaini. Jina langu likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza. Sijui kama nimefanya sawa. Labda nitajua siku atakapotaka kwenda zizini...

Jioni alizinduka. Kabla ya kuuliza chochote kuhusu mguu, aliniuliza kama nimekula.

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.