Gundi ya Moto Juu ya Jalada la Mlunga

Jumanne. Mvua imekatika tangu mchana, lakini nguo hazikauki.

Hili sijamwambia mtu. Leo nimemmwagia kamanda wa mgambo gundi inayochemka, kwa makusudi. Ofisi nzima inaamini niliteleza.

Tangu nimalize shule nafanya kibarua katika ofisi ya wilaya hapa Kilosa, cha kubadili majina ya majalada. Vitongoji vya mlimani vinaunganishwa kuwa kijiji kimoja cha ujamaa, bondeni karibu na barabara, kinaitwa Tushikamane. Nagonga muhuri wa jina jipya kwenye vipande vya karatasi, napika gundi ya unga wa muhogo barazani, kisha nabandika jina jipya juu ya lile la zamani, rundo kwa rundo. Nilikuwa najivunia wepesi wangu.

Sikujua kwamba kitongoji kikishabandikwa, mgambo wanapanda kukichoma.

Nimejua leo. Kamanda alikuja barazani, shati linanuka moshi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa akiwasimulia makarani jinsi walivyomburuta mama mmoja kwa miguu kutoka nyumbani kwake, kichwa kikigonga mawe. Sasa yuko wodini Berega.

"Analilia mahindi yake! Nikamwambia, mama, si ndiyo tunakuchomea, ule ya moto?"

Makarani wakacheka. Na mimi nikatabasamu, kwa woga. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kisha akaweka kiganja juu ya jalada la kitongoji cha Mlunga.

"Na hili, binti, mbona lina jina la zamani?"

"Bado, ndugu kamanda."

"Bandika sasa hivi. Kesho tunapanda."

Bibi yangu, mzaa baba, anaishi Mlunga. Anatembea kwa kushika ukuta.

Nikainua sufuria, nikajifanya nateleza, nikammwagia kiganjani. Gundi ilimng'ang'ania, na alipojipangusa, ngozi ikatoka nayo. Akapiga yowe. Mimi ambaye darasani nilishindwa hata kunyoosha kidole, nilisikia furaha. Nilitaka sufuria ya pili.

Karani mkuu alinizaba kofi, akaniita mzembe, kisha akasema safari iahirishwe mpaka kamanda apone. Nikadhani nimeshinda.

Kamanda akainua mkono uliofungwa kitambaa.

"Iahirishwe nini? Kiberiti si watawasha vijana? Kesho iko palepale."

Jalada la Mlunga limepanguswa. Karani mwingine amelibandika jina jipya mbele ya macho yangu.

Sitaki tena kumchoma mtu. Au nataka, sijui. Ninachojua ni kwamba nitatoka hapa nyumbani, Magomeni ya Kilosa, kabla ya alfajiri na kanga mbili za kumbebea bibi. Nitamshusha mlimani nimembeba mgongoni, hata kama atakataa kuhama na kunipiga njia nzima.

Mama anadhani nakwenda kazini. Wewe unayesoma haya, nakuomba, nitunzie siri mpaka bibi afike chini.