Picha Kando ya Fuvu

4 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, na wewe naamini mzima. Jana mwanangu alipelekwa na shule kwenye makumbusho yenu. Akanikuta ukutani, futi ya kupimia shingoni, kando ya fuvu la wale binadamu wafupi waliotoweka zamani. Ni picha uliyonipiga kibandani kwangu ukasema ni ya ukumbusho! Darasa zima likamcheka: “Kumbe baba yako ni nusu mtu!” Leo amegoma kwenda shule. Itoe.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu, hujambo? Wifi na mtoto hawajambo?

Sisi wazima, ila umekuza mambo. Nilichoandika pale ni kwamba huenda hadithi za watu wafupi, kama zile za Bibi, ni kumbukumbu ya jamaa zetu hao. Ushahidi hatuna, ni swali tu. Picha yako inaonyesha kimo, basi. Watoto hucheka kila kitu. Nimekisotea chumba kile, usiniharibie.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo imenikwama kooni. Kimo? Mlinzi wenu mrefu kama mlingoti, mbona hukumtundika kando ya twiga? Na Bibi usimsingizie. Wafupi wake walilizidi jitu akili, wakalifungia nje kwenye mvua. Hakuna aliyewatia kwenye kabati la vioo. Uliza maswali yako kwa picha ya uso wako, si wangu. Nakuja.

Mdogo wako, kama udogo huo bado haujakutosha

9 Aprili

Ndugu yangu, umeridhika?

Kutwa nzima umesimama na suti yako kando ya kabati, ukiwaambia wageni: “Fuvu ni la kale. Mimi ni fundi cherehani. Aliyenibandika hapa ni dada yangu, yule pale!” Ukaninyooshea kidole mbele ya bosi. Picha imetolewa, chumba kimefungwa, nami nimetupwa stoo kufuta vumbi. Umenivua nguo hadharani. Hata hivyo sisi ni tumbo moja. Mwezi ujao nakuja tuyamalize.

Dada yako

20 Aprili

Kwako,

Barua imefika. Mtoto amerudi shule. Nikamwambia, “Shangazi yako anataka kuja.” Akaacha kula, akaniuliza, “Anakuja kutupima?”

Nikaivua futi shingoni.

Usije.

Fundi