Ubeti wa Mama

Mji Mkongwe, 9 Machi 2003

Arwa dada yangu,

Sote wazima, na mitandio uliyotuletea kutoka Maskati imefika. Sasa kaa kitako ndipo uendelee kusoma.

Unajua kwamba nimejiunga na kikundi cha kwenye intaneti, tunasoma tenzi za kale na kuzijadili. Jana mwenzetu mmoja anayejiita Mgeni aliandika ubeti ambao haumo katika utenzi wowote. Ubeti ule aliutunga mama mwenyewe, akitubembelezea tulipokuwa wadogo kule Bububu.

Nikamuuliza, "Umeupata wapi?"

Akajibu, "Kwa marehemu mama yangu."

Nikamtajia jina langu, naye akanitajia lake. Arwa, ni Thuwaini! Kaka yetu tuliyemsomea hitima, tukiambiwa amezama alipokimbia nchi. Yuko hai, Uingereza, naye aliambiwa mama alikufa kwa kihoro.

Nilitoka mbio kwenye mkahawa wa intaneti hadi nyumbani nikamweleza mama.

"Usinifanyie mzaha, Nadhira," akasema.

Nikaapa. Akachukua buibui lake.

"Nipeleke kwenye hiyo mashine. Nataka kumwambia mwanangu kuwa sijafa."

Nduguyo,
Nadhira